Kung'oa farasi wa zamani na kuweka mchezo mpya: maelekezo ya fundi wa Dar

Kabla hujashika spana, kaa kwenye benchi. Kaa Jumamosi nzima na Jumapili yake, tangu geti linafunguliwa mpaka taa zinazimwa, uangalie ni nani hasa anayepanda ile mashine mnayotaka kuing'oa. Mwenye uwanja wa michezo ya watoto anaijua kwa hesabu za jioni tu. Muulize mama anayekata tiketi, na mzee anayelinda geti.

Mimi ni fundi mitambo. Nilisoma chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa michezo ya watoto hapa Dar es Salaam: treni ndogo, magari ya kugongana, majumba ya hewa ya kurukia, na zaidi ya yote mashine za farasi wa bandia wanaozunguka. Mwenye uwanja mmoja aliponiambia, "Dada fundi, hawa farasi wamechoka, tuwatoe tulete kitu cha kisasa kinachorusha watu juu," nilimwomba muda wa kuangalia kwanza. Nilichokiona pale kwenye benchi ndicho kilichoamua mengine yote.

Farasi wale walikuwa wakipandwa na watoto walioanza kutembea juzi, na pembeni yao amesimama bibi au mama, amemshika mtoto kiunoni. Vijana wa sekondari hawakuwa wakisogea hata karibu. Benchi lililo chini ya mwarobaini lilikuwa linaangalia mashine moja kwa moja, kwa hiyo mama mwenye kichanga mgongoni aliweza kumwona mkubwa wake mzunguko mzima bila kunyanyuka. Halafu mama wa tiketi akaniambia jambo ambalo hakuna kitabu cha mashine kinaliandika: "Familia haiji hapa mpaka yule mdogo kuliko wote awe na pa kupanda. Huyo akikosa, wote wanabaki nyumbani."

Hiyo ndiyo kazi ya mashine. Chuma kilikuwa kimechakaa kweli, lakini kazi yenyewe ilikuwa bado inahitajika kila wikiendi. Iandike kwenye karatasi kwa sentensi moja. Yetu ilisomeka hivi: mtoto wa miaka miwili na bibi yake wapande pamoja, na mama aliye kwenye benchi awaone muda wote. Kisha kila mashine utakayoonyeshwa na wauzaji, ipime kwa sentensi hiyo. Mashine ya kurusha watu juu ilianguka mtihani hapohapo, na mwenye uwanja alikubali bila ugomvi alipoona mwenyewe kwamba wateja wake wakuu wana miaka miwili.

Kubadili sura au kubadili mtambo

Ukishajua kazi, uamuzi unaofuata ni huu: unabadili kile watu wanachokiona, au unabadili mpaka kile kinachozungusha? Wenye viwanja vikubwa duniani hujiuliza swali hilohilo, na majibu yao yanasaidia hata sisi wenye uwanja wenye mashine chache.

Pale Epcot, uwanja wa Disney huko Florida, Marekani, kulikuwa na mchezo wa mashua uitwao Maelstrom kwenye banda la Norway. Ulifungwa Oktoba 2014. Watu waliporudi Juni 2016 walikuta njia ileile ya maji na mashua zilezile, ila hadithi imekuwa ya filamu ya Frozen. Jirani yake, uwanja wa Magic Kingdom, mchezo wa mfereji wa maji uitwao Splash Mountain ulifungwa Januari 2023. Hadithi yake ilitokana na filamu ya mwaka 1946 iliyolaumiwa kwa muda mrefu kwa namna ilivyowaonyesha Wamarekani Weusi. Mfereji ulibaki, na poromoko la mwisho la mita kama 16 likabaki. Juni 28, 2024 mchezo ukafunguliwa kwa jina la Tiana's Bayou Adventure. Lakini The Great Movie Ride, mchezo mwingine wa Disney hukohuko, uliofungwa Agosti 2017, uliachiwa jengo tu. Ndani waliondoa karibu kila kitu wakaweka magari mapya yasiyo na reli, na mchezo mpya haukufunguliwa mpaka Machi 2020.

Angalia muda. Waliobadili sura walikaa miezi 20 na miezi 17. Waliobadili mtambo walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu. Na hao ni watu wenye fedha ambazo sisi hatutaziona. Kwetu kila mwezi mashine imefungwa ni mwezi wa mishahara bila mapato, kwa hiyo kama mtambo wa chini ni mzima, utunze. Kama si mzima, usiupake rangi ukajidanganya. Hapo ndipo ukaguzi unapoingia, na sehemu hii sitaipitia haraka.

Kukagua kilicho chini ya rangi

Zima umeme kwenye swichi kuu, weka kufuli, ufunguo uingie mfukoni mwako wewe uliyelala chini ya mashine. Si kwa msaidizi, si ofisini.

Anza na shafti ya katikati. Izungushe mashine kwa mkono ikiwa tupu, uweke ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni. Beringi nzima inanguruma kwa sauti moja. Iliyokufa inakwaruza au inagonga kila inapofika mahali fulani. Kama unabadili, nenda nayo ya zamani mkononi Kariakoo, upande wa Gerezani, na usome namba iliyochongwa ubavuni. Usikubali "hii inafanana nayo". Izungushe, ipime uzito mkononi, angalia maandishi yake; za bandia ni nyingi na kwa macho ya haraka zinapendeza kuliko halisi.

Kisha maungio ya kuchomelea. Nyufa zinazoua watu hazionekani kwa macho. Tumia rangi ya kupenya: kwangua rangi ya zamani, safisha mafuta, pulizia ile nyekundu, iache muda ulioandikwa kwenye kopo, ifute kabisa, halafu pulizia ile nyeupe. Penye ufa, mstari mwekundu utajitokeza wenyewe juu ya weupe. Pa kutazama kwanza ni pale mikono inapoungana na kitovu, chini ya nguzo za farasi, na kila mahali fundi aliyekutangulia alipochomelea kiraka. Kiraka ni dalili kwamba chuma kilishalalamika pale.

Sasa chumvi. Dar tunaishi na bahari, na uwanja ulio Msasani au Kigamboni hauli kutu sawa na ulio Kimara. Bomba lenye tundu dogo linaingiza hewa ya chumvi na maji ya mvua, linaoza kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Pitisha nyundo ndogo urefu wote wa bomba na usikilize. Sauti ikibadilika kutoka kengele kwenda bati, weka alama kwa chaki. Ukiweza kukodi kifaa cha kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, kikodi. Gharama yake ni ndogo kuliko mkono mmoja wa mashine.

Mwisho msingi. Fukua kidogo uone bolti zinapoingia kwenye zege. Bolti iliyonenepa kwa kutu imeanza kupasua zege kwa ndani, na nyufa zinazotoka kwenye bolti kama miale ndiyo ushahidi. Kama uwanja wako uko karibu na Bonde la Msimbazi, tazama pia alama za maji ukutani: mota na boksi la umeme lazima vikae juu ya alama hiyo, vyovyote mchoro wa kiwandani unavyosema.

Kwetu, shafti, giaboksi na msingi vilikuwa vizima. Mikono ya upande wa baharini ilikuwa imeliwa, na sakafu ya mbao ilikuwa inabonyea. Tukaamua kubaki na katikati, tubadili mikono, sakafu na vyombo vya kupanda.

Usiongeze uzito wala mwendo kwa macho

Hapa ndipo nawaonya hasa mafundi wenzangu, kwa sababu wengi wetu ni hodari wa kuchomelea na tunaamini macho yetu. Ukibadili farasi ukaweka vyombo vyenye viti viwili, umebadili uzito kwenye ncha ya kila mkono. Ukibadili mwendo, umebadili zaidi ya hapo.

Chukua mashine ambayo mtoto anakaa mita 3.5 kutoka katikati. Ikizunguka mara 5 kwa dakika, nguvu inayomvuta nje ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo 15 ni kama kilo moja na nusu, na bibi anamzuia kwa mkono mmoja. Sasa mtu aseme, "Ongeza kidogo ichangamke," muifikishe mara 10 kwa dakika. Nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne: kilo sita zinamvuta yule yule mtoto, na kila bolti inavutwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mwendo wa zamani tuliuacha ulivyo, na tukapunguza idadi ya vyombo ili uzito wote, abiria wakiwemo, usizidi ule wa farasi waliojaa. Hesabu hiyo aifanye na kuisaini mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mpe michoro, mpe matokeo ya ukaguzi, na mwambie kuna viwango vya kimataifa vya mashine za aina hii, ISO 17842, ili ajue pa kuanzia.

Makaratasi mengine nayataja tu: uwanja uwe umesajiliwa OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, cheti cha Zimamoto kiwe hai, na kama mota mpya inahitaji umeme mkubwa zaidi, shirika la umeme, TANESCO, waombwe mapema, kabla hata hujaagiza mota. Bima isomwe upya, kwa sababu iliyoandikwa "farasi wa kuzunguka" inaweza kukukataa ukishaweka kitu kingine.

Sura mpya

Wauzaji watakuletea picha za vyombo vya angani na wanyama wenye macho makubwa. Mimi nilipigania daladala, na bado naamini nilikuwa sahihi. Mtoto wa Dar anapenda kuendesha kile anachokiona kila siku akiwa amebanwa kwenye mapaja ya mama yake. Tulitengeneza daladala ndogo zenye mistari ya rangi ubavuni, kila moja na kibao chake mbele: Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta, Bunju. Moja tukaipa umbo la pantoni la Kigamboni, sakafu yake chini kabisa na mlango wa kushuka mbele, na hiyo ndiyo inayopokea mtoto mwenye kiti cha magurudumu. Kiti kinapanda kwa mteremko, kinafungwa kwa mikanda minne, na ndugu yake anakaa pembeni. Kama huna nafasi ya kufanya lingine lolote katika maelekezo haya, fanya hilo. Mtoto huyo kwa miaka yote alikuwa anakuja kutazama wenzake.

Mabodi yetu yalitengenezwa kwa faiba na mafundi wa boti. Wanajua kulainisha kingo na wanajua jua la Pwani. Wape mambo matatu ya lazima. Kiti kiwe kipana cha kumkalisha mtu mzima na mtoto, kwa sababu ya ile sentensi yenu. Kidaraja cha kupandia kiwe chini kiasi cha bibi mwenye magoti mabovu. Na pasiwe na uwazi wowote, dirishani au kwenye uzio, wenye upana wa kati ya sentimita 9 na 23: mwili wa mtoto mdogo unapita hapo, kichwa kinakwama. Zunguka na rula mwenyewe, usimtume mtu.

Kuaga

Watu wanapenda mashine kuliko mnavyodhani. Mwaka 1998 Magic Kingdom ilipofunga Mr. Toad's Wild Ride, mchezo wa chura wa hadithini, wapenzi wake waliandamana ndani ya uwanja wakiwa na fulana za kupinga. Mchezo uliochukua nafasi yake, wa Winnie the Pooh, ulifunguliwa mwaka uliofuata, na ndani yake pakawekwa picha ya yule chura akimkabidhi bundi wa hadithi ya Pooh hati ya nyumba. Nakipenda kitendo hicho. Kinamwambia mgeni kwamba tunajua ulikuwa unapenda nini hapa.

Kwa hiyo tangaza mapema, angalau mwezi. Bango la kitambaa getini linatosha, na ujumbe kwenye simu za shule mnazozijua. Andika tarehe ya mwisho na sababu ya kweli: mashine imechoka, usalama wa watoto hauruhusu tuendelee. Siku ya mwisho shusha bei, na waruhusu watu wapige picha mashine ikiwa imesimama. Kwetu walikuja wanaume wazima na watoto wao mabegani, wakiwaonyesha farasi waliyekuwa wakimgombania na kaka zao. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mnawapeleka wapi?" Uwe na jibu la swali hilo kabla hujaulizwa. Kuwapeleka farasi kwenye chuma chakavu siku ileile watu wakiona ni kuwavunjia heshima bila sababu.

Sisi tulibakiza mmoja, tukamsimika kwenye zege karibu na dirisha la tiketi. Jua tu kwamba watoto watampanda, hata ukiandika wasimpande. Basi mfunge kama mtu atakayepandwa kila saa: nguzo ikatwe na kuzibwa, kingo zisagwe, chini pawe na mchanga wa kutosha badala ya sakafu ngumu.

Kalenda, zege na rangi

Kazi ya nje ifanye Januari na Februari, sikukuu zikiisha na kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Joto ni kali lakini zege na rangi vinakauka vizuri. Lenga kufungua kabla ya likizo ya Juni na Sabasaba, wakati mji wote unatafuta pa kupeleka watoto. Angalia pia Idd inaangukia lini, maana inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ikiangukia katikati ya kazi yako, mwambie mwenye uwanja mapema kwamba mashine haitakuwepo, na usikubali kufungua nusu nusu.

Zege jipya limwagiwe maji kwa siku 7 na lifunikwe na magunia, na usilitwishe mzigo kamili kabla ya siku 28. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege hilo kwa bei yoyote, una chumvi.

Chuma kabla ya rangi kioshwe kwa maji baridi ya bomba hata kama kinaonekana kisafi, kikauke, kipigwe msasa, kisha praima ya zinki, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Ukilaza chuma kilichosafishwa usiku mmoja karibu na bahari, asubuhi kina kutu tena. Usianze kupaka umande haujakauka, na saa kumi jioni uwe umemaliza.

Umeme wetu

Fundi umeme wako aweke vitu viwili ambavyo mashine za nje mara nyingi haziji navyo. Cha kwanza ni kinga ya kukata mota fezi moja, yaani mojawapo ya nyaya zake tatu za umeme, ikipotea, kwa sababu mota ya fezi tatu ikiendelea na mbili inaungua. Cha pili ni kinga ya mpangilio wa fezi. Jenereta ikifungwa waya mbili zikabadilishana, mota inazunguka kinyume, na daladala zako zitaondoka kwa nyuma huku watoto wanapanda.

Na panga utakachofanya umeme ukikatika katikati ya mzunguko. Breki isimamishe mashine taratibu bila umeme, na mlango wa kila chombo ufunguke kwa mkono kutoka nje.

Kujaribu

Usijaribu kwa mtu. Jaza viroba vya mchanga, vipime, uvifunge kwenye viti. Mimi hupakia robo zaidi ya uzito wa abiria waliojaa, naendesha siku nzima, halafu napakia upande mmoja tu na kuacha mwingine mtupu, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa Jumanne mchana wakija watoto watatu wakakaa pamoja. Bonyeza kitufe cha dharura mashine ikiwa kwenye mwendo kamili, tena na tena. Kata umeme kwenye swichi kuu. Kisha rudi na ile rangi ya kupenya kwenye maungio yote mapya.

Waendeshaji nao wajaribiwe. Kila mmoja ajue kusimamisha, ajue kumkatalia mteja. Fimbo ya kupimia urefu iwe imepakwa rangi na isimame mlangoni, ili mabishano yawe kati ya mzazi na fimbo. Atakayekuja na lugha kali aambiwe kwa upole, "Samahani mama, huyu apande akiwa na mtu mzima," na mtu mzima huyo ana nafasi kwenye kiti, tulishaitengeneza.

Baada ya kufungua

Kila bolti iliyokazwa, chora mstari wa rangi nyeupe unaovuka nati na chuma kilicho chini yake. Mwendeshaji akizunguka asubuhi na tochi, mstari uliovunjika unamwambia nati imegeuka, na hapo hafungui mpaka uje. Wiki za mwanzo chuma kipya kinajikalisha, kwa hiyo kaza tena bolti zote baada ya wikiendi ya kwanza na baada ya mwezi. Daftari la ukaguzi likae kwa mama wa tiketi, na asikate tiketi ya kwanza kabla hajaona saini ya siku hiyo.

Halafu rudi kwenye benchi, Jumamosi nzima tena, na ile karatasi yenye sentensi moja. Kama bibi hapandi, tafuta kinachomzuia: kidaraja kiko juu, honi inamtisha mjukuu, au kiti kinachoma saa saba mchana. Kwetu kilikuwa kiti. Tulitandika turubai la kivuli juu ya mzunguko wote, na wiki iliyofuata foleni ilikuwa na vitenge zaidi.